Daftari Nililolijaza Mimi

Kibiti, Alhamisi, baada ya alasiri

Shamte mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi na kesho nitakupa nyingine stendi, kwa hiyo hapa naziruka. Habari za nauli, za chandarua, za kutotoka nyumbani hujala, mama yako amekwisha kukueleza, na shangazi yako Hadija ameyarudia yale yale kwa simu kwa sauti ya juu zaidi. Mimi nina jambo moja tu, na nimeshindwa kukuambia uso kwa uso kwa mwaka na zaidi.

Kazini kwangu, kwenye uandishi, habari hutangulia, maelezo hufuata. Habari ni hii: daftari la mazoezi la mama yako, lile la jalada la bluu ulilolipiga picha ukurasa kwa ukurasa ukaenda nazo chuoni, si la kweli. Nililijaza mimi. Zile dakika hakuzitembea. Miezi yote mitatu iliyoandikwa mle, mama yako alikuwa mkekani, na safari yake ndefu ilikuwa ya chooni, tena akishikwa mkono. Mimi nilikuwa kibarazani na kalamu.

Soma tena hapo kabla hujaendelea, kwa sababu najua umejenga nini juu ya daftari lile. Ulipoomba kazi hii unayoiendea kesho, uliandika kwamba mama yako aliwahi kuwa katika utafiti wao wa kwanza, akafuata mpango wa kutembea bila kukosa, na bado nguvu zikapungua. Kwamba baadaye alitembea na wewe na nguvu zikarudi. Na kwamba unataka maisha yako ya kazi uyatumie kujua kwa nini mara ya kwanza mazoezi yalishindwa. Uliniletea barua hiyo niikague Kiswahili. Niliisoma mara mbili. Nikarekebisha koma mbili nikakurudishia.

Kosa la kwanza ni daftari. La pili ni zile koma mbili. La pili ndilo linaloninyima raha.

Wakati ule ulikuwa chuoni, mwaka wa kwanza, na sisi hatukukuambia mengi. Mama yako alikuwa amekwisha kufanyiwa upasuaji wa titi na kumaliza dawa za dripu. Tulikuwa tunakwenda Dar na kurudi. Siku ya kliniki, dada mmoja wa utafiti alituita kwenye chumba kidogo chenye feni isiyozunguka. Ndiye huyo Dada Upendo utakayekuwa naye ofisi moja. Akamuuliza mama yako anachoka vipi. Mama yako akasema, "Nachoka kama niliyelima kutwa, na sijalima."

Dada akaandika. Kisha akasema neno ambalo nililinukuu kwenye kijitabu changu kama ninavyonukuu mkuu wa wilaya: "Uchovu wa shamba, mama, ukilala unaondoka. Huu ukilala unaongezeka." Walitaka kujua kama kutembea kidogo kidogo nyumbani, kuinuka kitini na kukaa, na kupandisha vidole ukutani, kunaupunguza uchovu huo kwa watu wanaoishi mbali na hospitali. Niliuliza maswali mpaka akacheka. "Baba, hapa ninayehoji ni mimi au ni wewe?" Nilimwuliza hatari zake, nikamwuliza nani anasoma majibu, nikamwuliza mtu akishindwa inakuwaje. Hilo la mwisho alilijibu vizuri sana: "Akishindwa anaandika ameshindwa." Mama yako akatia saini. Tukapewa daftari. Kila siku kuna mstari: umetembea dakika ngapi, umechoka kiasi gani kabla, umechoka kiasi gani baada. Kila wiki watapiga simu. Baada ya miezi mitatu tutarudi.

Siku ya kwanza tulitoka mapema, mimi na yeye. Unajua hapa kwetu mtu mzima hatembei bure. Ukipita na mikono mitupu unaulizwa safari ya wapi, na ukijibu "natembea tu" wanakuangalia kama umefukuzwa. Tulifika kwa Mama Zaituni, ule ukuta wa nne kutoka kwetu. Mama yako akakaa kwenye tofali. Jasho lilimtoka, midomo ikawa kama ya mtu aliyelamba chokaa. Mama Zaituni akatoka na ufagio mkononi.

"Baba Shamte, mgonjwa mnampeleka wapi?"

"Anafanya mazoezi."

"Mazoezi ya nini? Anaingia jeshi?"

Wakatoka na wengine. Wanawake wawili wakamwinua mama yako wakamrudisha, mmoja huku mmoja huku, na mimi nyuma nimebeba viatu vyake. Hakuna aliyenitukana. Ingekuwa nafuu. Kabla ya adhuhuri simu ikaingia kutoka kwetu Maparoni. Dada yangu, shangazi yako Hadija.

"We Abdala, nasikia unamkimbiza mke wako barabarani."

"Dada, ni mambo ya hospitali."

"Hospitali gani inakimbiza maiti?"

Siku ya pili yake alishuka boti Nyamisati, na jioni alikuwa mlangoni hapa na mkeka wake na kikapu cha kamba wakavu. Ulimkuta bado yuko uliporudi likizo, miezi ile mitatu imekwisha kupita, unakumbuka, ameketi kizingitini mguu mmoja ndani mmoja nje, kama geti. Mama yako akiinuka, yeye keshainuka. Akishika fagio, yeye keshalichukua. "Wifi yangu hashiki kazi mie nikiwa hai." Mama yako akamwambia, "Basi wifi, nishike hata kijiko." Akajibiwa, "Kijiko utashika ukipona."

Usimlaumu shangazi yako, na mimi simlaumu. Alifanya kile tulicholelewa nacho. Bibi yako, mama yetu, aliugua tumbo kule Maparoni nikiwa na umri wa miaka kumi na mitatu. Babu yako alimtengenezea kitanda karibu na dirisha, na kuanzia siku hiyo mguu wake haukugusa mchanga. Alilishwa, aliogeshwa, alipepewa. Miguu ikawa myembamba kama ya ndege wa topeni. Alipofariki watu walisema neno moja matangani, wakalirudia wote: "Aliuguzwa." Hakuna sifa kubwa kuliko hiyo kwetu. Nimekua nikijua kwamba kumpenda mgonjwa ni kumwondolea kila kitu mkononi. Sikuwahi kumwuliza mtu kama bibi yako alikuwa anataka kuinuka. Nimehoji watu maisha yangu yote, na hilo sikuliuliza.

Basi jioni ya siku ile ya kwanza nilifungua daftari. Tulikuwa tumetembea dakika nne. Niliangalia saa, kwa hiyo najua. Nikaandika kumi.

Nimejaribu kujikumbusha nilikuwa nafikiri nini na sipati jibu moja safi. Niliona aibu kwa yule dada aliyetueleza kwa upole. Kwetu mgeni akikupa kitu humrudishii chombo kitupu, unatia japo embe mbili, na daftari nililiona kama chombo cha mtu. Nilikuwa na hofu pia: midomo ile nyeupe sikutaka kuiona tena. Na nilikuwa nimechoka, Shamte. Hilo watu hawaliandiki kwenye habari za wagonjwa. Dar na kurudi, foleni, karatasi, kupika, kazi yenyewe nayo haisimami. Kuandika "kumi" kulichukua sekunde moja. Kumtoa nje kulichukua asubuhi nzima na ugomvi na dada yangu.

Siku ya pili hatukutoka. Nikaandika kumi na mbili.

Sasa nakwambia kitu kibaya zaidi, ukijue kwa sababu ni cha kazi yako. Nililijaza vizuri. Nilijua namba zikifuatana sana zitatiliwa shaka. Nikaweka siku za kupumzika, nyingi za Ijumaa. Wiki ya masika niliandika dakika chache na pembeni nikatia neno "mvua". Siku moja nikaandika "alichoka sana, tulirudi njiani", kwa sababu uongo unataka kasoro kidogo ndipo uaminike. Nikabadili kalamu mara mbili. Simu zao za kila wiki nilizipokea mimi, nikawasomea namba. Wewe uliniambia, ukiwa umelishika: "Baba, hii ni rekodi safi sana." Naam. Ni kazi ya mtu mwenye uzoefu.

Na mtu huyo huyo, nikiwa kijana, niliwahi kukataa kutuma habari ya mtumbwi uliopinduka kwa sababu kila niliyempigia alikuwa na idadi yake ya waliokuwemo. Mhariri alinifokea kwa simu kwamba redio zote zimekwisha kutangaza. Nikakodi boti nikaenda, nikahesabu watu waliokaa ufukweni wamejifunika kanga za watu. Wote walikuwepo. Tangu hapo nimejisifu, kimoyomoyo na mbele ya wenzangu, kwamba siandiki nisichokiona bila kusema sikukiona. Nimejisifu hivyo hata katika ile miezi mitatu.

Mama yako alijua. Aliniona siku moja, nadhani wiki ya pili, akiwa amelala ubavu.

"Leo umenipeleka wapi?"

"Mpaka msikitini."

"Mbali. Ndiyo maana nimechoka."

Alicheka, na mimi nikacheka, na tukaachia hapo. Hii nyumba yetu ni nyumba ya sitara. Mke humsitiri mume, mume humsitiri mke, wifi anawasitiri wote wawili kwa majirani. Ni jambo jema, nimeliona likiokoa nyumba nyingi. Lakini safari ile tulisitiriana mpaka mama yako akashindwa kuinuka kwenye mkeka peke yake.

Tukarudi Dar. Kuna korido pale, wameweka koni mbili za plastiki, na mgonjwa anakwenda kutoka koni hii mpaka ile kwa dakika sita huku dada amesimama na saa. Mwanzoni kabisa, kabla ya kupewa daftari, mama yako alizimaliza zile dakika pole pole bila kukaa. Safari hii alikaa mara mbili. Mara ya pili hakuinuka. Alimwomba radhi yule dada, kama aliyevunja kikombe cha watu.

Dada Upendo aliangalia karatasi yake, akaangalia daftari langu, akaangalia karatasi.

"Baba, daftari hili anaandika nani?"

"Mimi. Yeye ananiambia, mimi naandika."

Akamgeukia mama yako. Mama yako akafunga kanga yake vizuri. "Mume wangu ni mwandishi wa habari," akasema. "Mwandiko wake mzuri."

Hakuna neno la uongo katika sentensi hizo mbili. Ndivyo alivyonisitiri. Dada akashukuru, akanakili namba, akaturudishia daftari, akafunga faili. Njiani kurudi tulizungumzia bei ya mchele tu.

Yaliyofuata unayajua kwa sababu wewe ndiye uliyeyafanya. Ulimaliza chuo ukarudi, shangazi yako akawa amekwenda Maparoni kwenye mavuno. Ukaona mama yako anashika ukuta kwenda uani. Hukutoa hotuba. Ulipanga viti vitatu uani, kimoja mlangoni, kimoja kati, kimoja kwenye kamba ya kuanikia, ukamwambia aende kimoja, akae, aende kingine. Wiki nzima viti vitatu. Kisha ukasogeza kile cha mwisho hatua mbili. Nilikuwa kibarazani na redio. Nilikuwa nakuona kila asubuhi unasogeza kile kiti, nami najifanya nasikiliza taarifa.

Alipoanza kutoka nje ni yeye mwenyewe aliyepata dawa ya maswali ya watu. Alichukua chupa tupu ya mafuta ya kupikia. "Safari ya wapi, Mama Shamte?" "Dukani, mwenzangu." Mwenye duka naye akajua, akawa anaipokea chupa, anaifuta vumbi, anamrudishia tupu vile vile. Na wale vijana wa bodaboda: "Oya Shamte, unamfundisha bi mkubwa kutembea?" Ukawajibu, "Njoo na wewe ufundishwe, umekaa hapo tangu alfajiri." Niliisikia hiyo kwa Mama Zaituni, naye aliisimulia akiwa anacheka mpaka anashika mbavu. Ni yeye yule wa jeshi.

Sasa anafika barabara kuu. Mkono wa kushoto unapanda ukutani mpaka ile misumari ya kalenda. Juzi aliniambia, ukimpeleka Chumbi kwa kaka zake wakati wa kuamia ndege mpunga usiliwe, atapanda dungu la kulindia shamba kama zamani, ngazi na yote. Nikamwambia tusubiri. Hajapona. Sitaandika kapona. Kliniki ni mwezi ujao, na wewe unajua kuliko mimi kwamba kutembea hakuuondoi uvimbe. Na mama yako ni mtu mmoja. Mimi nilimlaza akadhoofika, wewe ulimwinua akapata nguvu, lakini katikati hapo dawa pia zilikuwa zinamtoka mwilini, muda ulipita, na wewe mwanawe ulikuwa umerudi nyumbani. Sijui kila kimoja kilifanya kazi kiasi gani. Nakwambia hivi ili usitoke kwenye kosa langu ukaingia la pili, ukaenda kutangaza kwamba mazoezi yalimponya mama. Ninachokijua kwa hakika ni hiki tu: hayakushindwa mara ya kwanza. Mara ya kwanza hayakufanyika.

Nilimpigia Dada Upendo Jumatatu. Nisingependa udhani ni dhamiri iliyonisukuma. Ilinisukuma barua yako ya kazi iliyokuja na jina lake chini. Nilijua ipo siku utalitoa daftari lile mezani mbele yake, kwa fahari, na yeye atanyamaza kwa heshima yako, nawe utaona kunyamaza kwake. Sikuweza kukuachia hilo.

Nilimweleza yote, kuanzia dakika nne. Alisikiliza. Nikamwuliza kama alijua.

"Nilishuku, baba. Niliweka alama ya kuuliza pembeni. Lakini alama ya kuuliza si jibu."

Nikamwambia nisamehe. Akasema jambo ambalo ndilo hasa nililotaka ulipate kwenye barua hii, mengine yote ungeweza kuyaishi bila kuyajua. Alisema: "Ungeniletea daftari tupu ningelipokea. Tupu linaniambia mama hakutoka, ningeuliza kwa nini, ningesikia habari ya wifi na majirani na aibu ya kutembea mikono mitupu. Hayo ndiyo tulikuwa tunayatafuta. Wewe umeniletea lililojaa, na halina kitu."

Akaniambia namba alizonakili hatazifuta. Ataandika pembeni kilichotokea, na kwamba nimekisema mwenyewe, na tarehe niliyokisema. Namba za korido zitabaki kwa sababu hizo alizihesabu yeye. Kisha akauliza, "Shamte anajua?" Nikasema bado. Akasema, "Basi mimi sitamwambia." Nilikata simu. Wewe ulipita ukaniuliza kama nimelipata lile betri la tochi.

Kesho kutwa utaanza kuingia kwenye nyumba za watu. Utapewa chai. Mume au mwana au shangazi atakuletea daftari lililojaa, limefungwa kwenye mfuko wa nailoni lisilowe. Usiwe mkali. Mtu yule hajakudharau, anakuheshimu, na heshima yake ndiyo itakayokupoteza. Mimi ningetafuta mtu mwingine wa nyumba, aliyekaa kimya, nimwulize njia ya kutembelea ni ipi, na wakikutana na watu njiani huwa wanasemaje. Aliyetembea ana majibu. Mimi ungeniuliza nani tulikutana naye siku ya Jumanne, ningekwama hapo hapo. Hilo silisemi kama mwalimu. Nalisema kama mtu aliyekuwa upande wa pili wa kalamu.

Na mgonjwa mwenyewe uwe unamwuliza, si kupitia kwangu. Nimeishi na mama yako miaka ishirini na sita na sikumwuliza kama anataka kulala. Nilimwuliza jana. Alikuwa anachagua mchele.

"Kulala?" akasema. "Nilikuwa nalia usiku kucha miguu inaniwasha kutembea."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema, ungeandika?"

Akaendelea na mchele wake. Baadaye kidogo akasema, bila kuinua kichwa: "Mwambie mtoto. Asiende na mzigo ambao si wake. Na mie, kesho kutwa chupa yangu nitaipeleka dukani na nani?"

Kwa hiyo leo asubuhi, ulipokwenda Chumbi kuwaaga wajomba zako, tulitoka. Mimi na yeye. Sikutaka uwepo, na hilo nalo naliungama. Nilivaa viatu vya kazi kwa sababu sina vingine vya kutembelea. Yeye na chupa yake. Mama Zaituni alikuwa nje anafagia, alituangalia mmoja mmoja kisha akaniuliza mimi, si yeye: "Baba Shamte, leo na wewe umeishiwa mafuta?" Nikasema ndiyo, yameisha kabisa. Akanipisha njia kwa ufagio kama anayepita ni mkuu wa mkoa.

Sijui kutembea pole pole, nimegundua. Kazi yangu yote ni ya kuwahi. Mara tatu nilijikuta mbele peke yangu, ikabidi nisimame nijifanye naangalia simu. Mara ya nne mama yako aliniambia, "Simu hiyo haina chaji, nimeiona." Tukaenda sambamba. Watu waliuliza safari ya wapi. Yeye alijibu dukani. Wa mwisho, pale kona, alituuliza wakati tumekwisha kulipita duka, na chupa ni ile ile tupu, nikaona amechoka kutafuta neno. Nikajibu mimi. Nikasema, "Tunatembea tu." Yule mtu akatuangalia, akasema haya, akaenda zake. Hivyo tu. Miezi mitatu nilidanganya kwa ajili ya kuogopa hilo.

Daftari la bluu nimelitia kwenye begi lako, chini ya mashati, upande wa zipu. Ni lako sasa. Ukilipeleka kwa Dada Upendo ni sawa, ukilitupa ni sawa, ukinikasirikia kwa muda utakaoona unatosha, nitakuwepo hapa hapa kibarazani. Hata kuijibu barua hii hulazimiki. Ningependa ujibu, lakini hilo ni langu.

Kesho basi ni saa kumi na mbili na nusu. Mama yako amekataa bodaboda. Anasema stendi tutakwenda kwa miguu na tutatoka mapema kwa sababu hiyo, wewe utangulie na mizigo. Tukichelewa usimwombe dereva asubiri. Tutakupungia tutakapokuwa tumefika.

Tuliporudi leo alinipa daftari jipya, la shule, lenye jedwali la kuzidisha nyuma. Kalamu akanipa pia. Nikamwuliza niandike nini. Akasema, "Tulipofika." Nikaandika, yeye amesimama begani kwangu anasoma, na akanifanya nifute neno moja. Nakunakilia yaliyobaki kama yalivyo:

Alhamisi. Tumefika mashine ya kukoboa, tukarudi. Dakika thelathini na moja kwenda na kurudi. Tumekaa mara mbili. Mara moja alichoka yeye, mara moja nilichoka mimi.

Baba yako